Mzee Pita Mlangoni na Nyumba ya Kamba

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama uko jikoni, endelea kukoroga. Kama uko kazini, endelea na kazi, mimi naazima masikio tu. Leo tunamkumbuka mtu ambaye huenda ndiye aliyeipima nyumba uliyomo sasa hivi, na jina lake hujawahi kulisikia.

Alikuwa fundi wa kupima na kusimika nyumba kabla haijajengwa. Nasema kabla haijajengwa. Kabla ya tofali, kabla ya saruji, kabla hata ya jembe la kwanza kugusa ardhi, yeye ndiye aliyetangulia. Alifika na kamba, vigingi, nyundo, tepu ya kupimia na mfuko wa chokaa. Watu walimwita Mzee Pita Mlangoni. Alituaga mwezi uliopita, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono.

Jina hilo alilipataje? Ngoja niwaeleze. Mzee akishamaliza kufunga kamba zake, nyumba nzima inakuwa imelala pale chini. Sebule ni kamba. Vyumba ni kamba. Na kamba yenyewe haifiki hata gotini. Sasa mwenye nyumba anakuja, uso umejaa furaha, anainua mguu aruke aingie sebuleni kwake. Mzee anamzuia.

"Hapo ni ukutani, ndugu yangu. Pita mlangoni."

Mtu anacheka. Mzee hacheki. Anasubiri mpaka azunguke hadi mahali pa mlango, pale alipoilaza kamba chini na kuikandamiza kwa jiwe. Mtu akishavuka jiwe lile, ndipo mzee anatabasamu na kusema, "Karibu ndani." Wanasema hata kuku wa jirani aliwahi kurudishwa nje azunguke. Mimi sikuwepo, lakini waliomjua wanaapa.

Tabia hiyo haikuanzia hewani, wasikilizaji wapendwa. Ilianza na kosa. Mkewe ndiye aliyetusimulia, na alisimulia huku akijifuta macho kwa kucheka.

Mzee wetu alikuwa kijana bado, ndiyo kwanza ameachiwa kazi afanye peke yake. Akapewa ramani ya nyumba ya bwana mmoja fundi cherehani. Ramani yenyewe ilikuwa ya mistari mitupu, haina neno hata moja, na karatasi yake ilikuwa nyembamba, ukiinyanyua juani mistari inaonekana mbele na nyuma. Kijana akaibandika kwenye ubao. Akapima. Akahakiki pembe zote nne, akavuta kamba za mshazari, pembe hadi pembe, zikalingana sawasawa. Akajisifu moyoni. Vibarua wakachimba msingi wote ukaisha.

Ndipo binti wa yule fundi cherehani akaja na birika la chai. Akasimama juu ya msingi, akatazama huku na huku.

"Kaka fundi, jiko liko wapi?"

"Si hilo hapo."

"Baba alisema jiko litatazama kisima. Kisima kiko kule."

Kijana akatazama kisima. Akatazama ramani. Akaibandua ubaoni, akaigeuza. Alikuwa ameibandika kwa mgongo. Nyumba nzima aliisimika kinyume, kama unavyojiona kwenye kioo. Pembe zilikuwa sawa, vipimo vilikuwa sawa, na nyumba haikuwa yenyewe.

"Nilidhani atanitukana kwa kumuumbua mbele ya vibarua," mkewe alituambia. "Akaikunja ramani. Kisha akaniuliza kama chai imebaki."

Naam. Mkewe. Yule binti wa birika la chai ndiye aliyekuja kuwa mkewe, na tangu siku ile mpaka anafumba macho mzee alimwita Mkaguzi. Hakumwita mama watoto wala mpenzi. Mkaguzi. Ule msingi aliufukia mwenyewe na kuuchimba upya mwenyewe, viganja vikachubuka, na baba mkwe mtarajiwa akiwa amekaa kwenye kiti anamtazama.

Baada ya hapo akajiwekea sharti. Hakuna jembe kugusa ardhi mpaka familia ije ishinde ndani ya kamba. Si kutazama na kuondoka. Kushinda. "Leteni viti," alikuwa akiwaambia. "Leteni na bibi. Kaeni humu kama mnakaa."

Na watu wakija, lalamiko la kwanza ni moja siku zote. Chumba kidogo. Kila mtu, wasikilizaji, kila mtu. Nyumba ikiwa kamba tupu chini ya anga huonekana ndogo mpaka mwenyewe anaogopa. "Fundi, hiki ni chumba au kabati?" Mzee anamjibu neno moja tu: "Lala." Basi mtu mzima na suruali yake iliyonyooshwa analala chini kwenye vumbi, ananyoosha mikono, na anakuta nafasi imebaki.

Kuna mama mmoja alikaa sebuleni kwake, yaani kwenye kamba za sebule, akajifanya anapokea wageni. Mara akageuka. Akaona mlango wa choo umetazamana uso kwa uso na mahali pa meza ya chakula. Mumewe akasema si kitu. Mama akasema, "Si kitu kwako wewe, mimi mama yako atanisema mpaka kaburini." Mzee akauhamisha mlango. "Leo nahamisha kigingi kwa mkono mmoja," aliwaambia. "Mkishajenga mtaniita nije na nyundo kubwa, na hapo hakuna atakayekuwa anacheka."

Sasa nifike penye moyo wa habari hii. Mtu huyu, aliyewakaribisha watu wengi ndani ya nyumba zao kabla nyumba hazijakuwepo, yeye na Mkaguzi walikuwa wapangaji. Vyumba viwili, uani. Jiko lao lilikuwa koridoni. Mama alipika akitazama ukuta. Ukuta wa rangi ya krimu, umebambuka, umeegemezwa ndoo za kuogea za wapangaji wote. Watoto walizaliwa wakakua wakaondoka, na mama bado anatazama ukuta ule ule.

Hakuwa mtu wa kudai makuu. Alitaka kitu kimoja. "Nataka jiko lenye dirisha," alimwambia mumewe. "Nimwone anayekuja kabla hajapiga hodi." Basi. Dirisha la jiko, na kumwona anayekuja.

Mzee alimwahidi. Na kiwanja kikapatikana, lakini kilipatikana moyo wake ukiwa umeshaanza kuchoka. Miguu ikawa inavimba. Akipanda ngazi mbili anasimama kupumua. Mwanawe, dereva wa lori, kijana mwenye huruma kweli kweli, akaja na neno lake.

"Baba, nyumba ya nini tena? Wewe na mama mhamie kwangu, chumba kipo. Kiwanja tukiuze, wewe upumzike."

Mzee hakumkasirikia. Alimwambia, "Niachie siku moja ya kamba. Baada ya hapo mtafanya mnavyoona."

Siku hiyo alipelekwa na lori la mwanawe, kijana akaenda kwenye kazi zake. Mzee akawekwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya kiwanja. Rafiki yake wa siku nyingi, fundi mwashi, ndiye aliyepiga vigingi. Mzee anaelekeza kwa fimbo. "Rudi kidogo. Kidogo, si safari. Hapo." Wakafunga kamba, wakalaza kamba ya mlangoni, wakaweka jiwe. Kisha Mkaguzi akaja, kashika kigoda na sufuria tupu. Akazunguka, akapita mlangoni. Akaenda mpaka jikoni, akaketi, akapakata sufuria.

Akatazama palipo dirisha.

"Mkaguzi, vipi?"

"Jiko zuri."

"Lakini?"

"Lakini nini? Si nimesema zuri."

Wasikilizaji wapendwa, mlio kwenye ndoa mnaijua sauti hiyo. Mwashi naye aliijua, akajifanya anatafuta nyundo. Mzee akaufuata mtazamo wa mkewe, na akaona anachokiona. Upande ule wa dirisha la jiko kulikuwa na ukuta wa jirani. Mrefu, mkavu, wa krimu. Geti lilikuwa upande wa pili kabisa. Amemtoa mkewe mbele ya ukuta mmoja, anakwenda kumweka mbele ya mwingine. Na mama wa watu asingesema. Angeupikia ukuta ule mpaka mwisho, ili mumewe mgonjwa asiumie.

Mzee akaomba ramani. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaigeuza, akainyanyua kuelekea juani, akaisoma kwa mgongo. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mwashi akamletea maji.

"Ng'oeni vya ndani," akasema. "Tunaigeuza."

"Nyumba nzima, mzee?"

"Nyumba nzima. Pembe za nje ziacheni, hazina kosa."

Vigingi vyote vya ndani vikang'olewa. Jiko likahama likaja upande wa geti, vyumba vikaenda upande wa ukuta wa jirani, ambako mtu analala tu na hana haja ya kutazama kitu. Kosa la ujana wake, lile lililomchubua viganja, safari hii alilifanya kwa kukusudia. Walimaliza jua likiwa limeshalegea. Mkaguzi akaketi tena na sufuria yake, akatazama katikati ya vigingi viwili vya dirisha. Getini lori la mwanawe likawa linaingia kuja kuwachukua.

"Naona," akasema.

Mwashi anasema hakuongeza neno jingine, na mzee hakumuuliza.

Mzee Pita Mlangoni hakuwahi kuona msingi ule ukichimbwa. Moyo ulisimama kabla. Alizikwa, watu walikuja wengi, wengine wakiwa ni wale waliolazwa chini kwenye vumbi kupima vyumba vyao. Kisha watu wakatawanyika, kama ilivyo kawaida, na likabaki swali la kiwanja. Mwana akasema lile lile. Mama hawezi kujenga peke yake, mama aje kwangu. Na kwa nia njema kabisa akamtafuta mnunuzi.

Akampeleka kiwanjani asubuhi. Kamba zilikuwa zimefifia kwa mvua lakini bado zimekaza. Wakaingia getini wanazungumza, huyu anaonyesha mpaka, huyu anatikisa kichwa, wakainua miguu wakaruka kamba ya kwanza.

"Mwanangu, mmepita ukutani."

Kijana akaganda. Mama yake alikuwa ameketi jikoni, kwenye kigoda, sufuria mapajani. Alikuwa amefika kabla yao, na wao kwa mazungumzo hawakumwona.

"Mama?"

"Rudini mpite mlangoni."

Mnunuzi akamtazama kijana. Kijana akaitazama kamba. Anatuambia alitaka kusema, mama, hii ni kamba tu. Badala yake akageuka. Wakaruka kurudi nje, wakazunguka, wakafika kwenye jiwe. Lilikuwa pale pale baba yake alipoliacha. Wakavuka.

"Karibuni ndani," mama akasema. "Wewe nimekuona tangu getini."

Hapo kijana alilia. Yeye mwenyewe ametuambia, na hakuona haya kutuambia. Alilia mbele ya mgeni. Na yule mnunuzi, mtu muungwana, alisimama kidogo mle sebuleni, akavua kofia, akasema, "Bwana mdogo, nyumba hii ina watu tayari." Akaaga. Akatoka kwa kupita mlangoni.

Jembe la kwanza kwenye msingi ule limepigwa na dereva wa lori. Mwashi ndiye msimamizi. Tulipokwenda kuwatembelea tulikuta msingi umefika kiunoni na mama anawaletea chai ya birika. Alituonyesha jiko lake kabla hata hatujauliza.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki natoa pole kwa Mkaguzi, kwa watoto, kwa wajukuu, kwa rafiki yake mwashi, na kwa wote waliowahi kurudishwa nje wazunguke. Mungu ampumzishe mahali pema. Mmempoteza mtu mzuri, na sisi tumechelewa kumjua.

Na wewe unayenisikiliza, nakuomba kitu kidogo. Leo utakaporudi nyumbani, simama kwanza kizingitini. Kuna mtu alisimama hapo kukiwa hakuna kitu, ni majani na upepo, akaamua kwamba hapa ndipo watu watakapoingilia. Mfikirie kidogo mtu huyo. Fikiria pia aliye ndani, huyo anayekupikia au kukungoja: anatazama nini siku nzima, na je, umewahi kumuuliza? Kisha ingia, umsalimie. Huenda amekuona tangu getini.