Karibuni Nyumbani, Msishuke

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini, ofisa mwandamizi wa forodha katika gati letu la boti ndogo atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Atakabidhi funguo, kofia na filimbi. Filimbi ametuonya kwamba ataitoa shingo upande.

Jina lake limo kwenye barua za ofisi, lakini hapa gatini anaitwa Mama Kamba, na ukimwita vingine huenda usiitikiwe. Alianza kazi kwenye ghala la mizigo mikubwa. Alipohamishiwa huku kwenye boti za starehe, wenzake walimpa pole kana kwamba amefiwa. Yeye aliangalia maji, akaangalia kiti chake kipya chenye mguu mmoja mfupi, akaomba kipande cha mbao cha kukitegemeza. Kipande hicho kipo mpaka leo, na kiti pia.

Kudaka kamba si kazi ya forodha. Lakini tangu wiki zake za mwanzo aliona kwamba nahodha anayehangaika na kamba hajibu maswali vizuri, na anayejibu vibaya huishia kushukiwa bure. Basi akawa anaidaka mwenyewe, anaifunga kwenye nguzo, halafu anajinyoosha na kutamka maneno ambayo kila mwenye boti wa ziwa hili ameyahifadhi: "Karibuni nyumbani. Msishuke."

Kwa wenzetu wa makao makuu, ambao boti huziona kwenye kalenda tu, tueleze kidogo. Mpaka unapita katikati ya ziwa. Watu wetu hutoka mwisho wa wiki, wanavuka, wanakula mchana ng'ambo, wananunua viwili vitatu, wanarudi wameungua pua. Kwa kuwa walikwenda kutembea tu, wengi huamini hawakusafiri. Sheria haiamini hivyo. Boti iliyogusa ng'ambo, hata kwa soda moja, inaporudi sharti ije kwanza kwenye gati la forodha kabla ya kugusa nchi kavu mahali pengine popote. Inapandisha kitambaa cha njano kuonyesha kwamba haijakaguliwa. Nahodha peke yake ndiye anayeshuka, na pasi za wote na hati ya boti mkononi. Kilichonunuliwa kinatajwa chote. Matunda, nyama na wanyama vinaonyeshwa. Wengine wanakaa kitako mpaka waambiwe.

Kukaa kitako huko ndiko kulikoleta vituko. Familia moja iliambiwa kwamba machungwa ya ng'ambo hayaingii kwa sababu ya wadudu. Baba akauliza kama yanaweza kuingia yakiwa tumboni. Mama Kamba akafikiri, akasema tumbo halimo kwenye kanuni. Wakala kapu zima humo humo botini, naye amewasimamia na ndoo ya maganda, kwa kuwa maganda nayo hayaingii. Bwana mwingine alisahau pasi yake na ya mkewe, ila cheti cha chanjo cha mbwa wake alikuwa nacho, na mihuri yote. Mama Kamba alimtangazia kwamba mbwa anaruhusiwa kushuka. Na yupo nahodha ambaye, kwa kukosa kitambaa cha njano, alipandisha beseni la kufulia. Alipita, beseni lilikuwa la njano kweli.

Mafanikio yake ni mengi, lakini kubwa kuliko yote ni choo. Msicheke. Kwa muda mrefu ofisi iliwatoza faini watu waliopitia kwanza kwenye magati yao binafsi ndipo wakaja kwetu, na kila ripoti iliandika kwamba raia ni wakaidi. Mama Kamba ndiye aliyefikiria kuwauliza. Akaambiwa na karibu kila mmoja kwamba mtoto alibanwa, au bibi alibanwa. Aliandika maombi ya choo ndani ya uzio wa forodha mpaka bosi wa wakati huo akawa anakwepa kukutana naye kwenye korido. Choo kilipojengwa, ukaidi wa raia ulipungua ghafla. Hakuna utepe uliokatwa, lakini nahodha mmoja mzee alivua kofia mlangoni.

Lipo jambo moja gumu, na mwenyewe ameturuhusu kuliandika.

Mdogo wake wa mwisho ni fundi majokofu na mpenda boti. Dada mtu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamsomesha ufundi, na boti ya kijana huyo waliipaka rangi ya bluu pamoja. Siku moja alitoka hapa na mashine kuukuu ya boti iliyofungwa waya, akarudi na mpya inayong'aa, akasema hana cha kutaja. Alijua zamu ni ya nani. Hatuamini kwamba alitaka kumwingiza dada yake matatani. Alidhani tu kwamba undugu nao ni aina ya kibali. Mama Kamba alikuwa ameshika kamba yake. Akaifunga, akarudi nyuma, akamwita bosi, kwa kuwa kanuni hairuhusu ofisa kumhudumia ndugu yake. Mashine ikazuiwa mpaka ushuru na faini vilipwe, watoto wa kijana wakiwa botini wanatazama.

Miaka saba mdogo mtu hakukanyaga gatini wala nyumbani kwa dada yake. Wifi aliendelea kupiga simu, watoto waliendelea kumwita shangazi, lakini yeye akimwona sokoni alibadili njia. Kwenye ukoo walisema Mama Kamba amemtupa ndugu yake kwa ajili ya kofia ya serikali. Alikuja kazini kama kawaida, akadaka kamba za watu, akatania. Ila sisi wa zamu yake tuliona kwamba kila ilipotokea boti ya bluu kwa mbali, aliinuka kitini kabla hatujajua ni ya nani. Siku moja wakati wa chai, bila kuulizwa, alisema hajutii alichofanya, lakini kinamuuma. Akasema anaogopa kustaafu kabla kijana hajarudi, kwa sababu waliachania hapa gatini na yeye hajui mlango mwingine wa kurudiana. Chai yake ilipoa hivyo hivyo.

Mwezi uliopita, mchana kweupe, boti ya bluu ilikuja. Ilikuwa imepandisha kitambaa cha njano kilichopigwa pasi. Kijana, ambaye sasa ana mvi, alirusha kamba, na dada yake akaidaka. Hapo ilikuwa zamu ya maneno yake tuliyoyazoea, lakini kwa mara ya kwanza tangu tumjue alibaki ameinamia fundo la kamba. Mdogo wake hakushuka. Alikaa mikono juu ya magoti kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

Nikaitwa mimi ninayeandika haya, maana kanuni ni ile ile. Alinitajia kila kitu: sufuria, kandambili za mtoto, na nusu mkate. Akaongeza kwamba mkate ulinunuliwa mzima, nusu nyingine wameila njiani, kama hilo nalo linahitaji kuandikwa. Nilimwambia tumemaliza, anaweza kushuka. Bado hakushuka. Alimwangalia dada yake, akamuuliza kwa sauti ndogo kama na yeye anaruhusu.

Mama Kamba alikuwa bado ameishika ile kamba, ingawa alikwisha kuifunga. Alilia mbele ya foleni nzima ya boti, na hakuna nahodha aliyepiga honi.

Sasa anaweza kustaafu, na sisi tunalazimika kukubali. Tunamshukuru kwa kutufundisha kwamba raia anaweza kuulizwa kabla ya kushukiwa, na kwamba sheria na upole vinakaa kwenye meza moja bila kugombana. Tunamshukuru pia kwa choo.

Katika miaka yote hii aliyotumia kuwapokea watu kutoka ng'ambo, yeye mwenyewe hajawahi kuvuka. Jumamosi ya kwanza baada ya kustaafu mdogo wake atampeleka huko kwa boti ya bluu, pamoja na wifi na watoto, wakale mchana. Ameshaanza kutuuliza, kwa wasiwasi wa kweli, abiria hukaa upande gani.

Mama Kamba, tunakuombea pumziko refu, afya njema na nyumba yenye wageni wengi. Nenda, kula, nunua viwili vitatu. Machungwa usilete. Alasiri tutakuwa gatini tunakungoja, na kamba tutaidaka sisi.

Karibu nyumbani. Usishuke.