Dorothea Mazengo: Miaka Kumi na Mitatu ya Kuwasaili Waliokuja Wakitetemeka

Ifikapo Alhamisi, tarehe 30 Juni 2005, Mama Dorothea Mazengo, Afisa Utumishi wa Kampuni ya Afya ya Akili Utulivu, atakuwa ametimiza miaka kumi na mitatu na mwezi mmoja kazini, na siku hiyohiyo atastaafu. Tarehe hizi zimehakikiwa mara tatu kwenye jalada lake. Jalada lenyewe lina namba 001, maana alipoajiriwa, hapa Ipagala palikuwa na nyumba moja, vitanda sita na mlinzi.

Alikuja akiwa ameshafanya kazi ya uuguzi kwa miaka kumi na minane. Ndiyo kwanza watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua hospitali, na serikalini watu walikuwa wanapunguzwa kazini. Tangazo letu la kwanza la nafasi nne lilileta barua mia moja na arobaini! Mama Dorothea alizisoma zote, akabandika kila picha ya pasipoti kwa gundi yake mwenyewe, na hakusahau sura hata moja.

Kusailiwa Utulivu hakukuwa jambo dogo. Wengi waliogopa kuonekana wakiingia getini, jirani asije akasema wameanza kuugua. Bi. Salwa, mfamasia wetu, alikuja amejitanda ushungi mpaka puani, akiwa ameaga nyumbani kwamba anakwenda sokoni. Mwalimu mmoja aliyepunguzwa kazi alimsikia mgonjwa akiimba, akaomba kwenda msalani, na hajarudi mpaka leo. Mzee Hasani wa getini naye hakuwasaidia. Kila aliyefika na bahasha ya kaki alimuuliza kwa sauti ya kusikika barabarani, "Kazi au dawa?"

Lakini siku inayosimuliwa hapa kila tunapokunywa chai ni Jumanne, tarehe 14 Machi 1995. Mzee Hasani alikuwa likizo. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Yotham, kijana wa Ihumwa, alikuwa ameitwa kusailiwa kwa nafasi ya mhudumu wa wodi. Alifika amelowa, anatetemeka, ameshikwa mkono na mjomba wake aliyeijua njia. Mjomba akamwambia Sista Stara wa mapokezi, "Sista, huyu ni kijana wetu. Tumemleta, mpokeeni," akaaga, akawahi gari la kurudi. Ndivyo jamaa wanavyoleta wagonjwa, na maneno yao huwa ni hayohayo. Sista Stara akampokea.

Yotham akapimwa uzito. Akavuliwa mkanda na kamba za viatu, akapewa nguo za wodini. Alidhani ndivyo usaili wa mjini unavyokwenda, akatii kila kitu kwa bidii. Akaulizwa leo ni siku gani na hapa ni wapi, akajibu amesimama wima kama yuko paredi. Akaulizwa kama huwa anasikia sauti ambazo wenzake hawazisikii.

"Bado, sista," akajibu, "lakini nikielekezwa nitaweza."

Akapewa kitanda.

Saa tano jopo liliita jina lake. Hakutokea mtu. Mwenyekiti akapiga mstari. Saa nane mchana Mama Dorothea, akikatiza wodini, alimwona kijana anatandika kitanda cha jirani yake, akaikumbuka picha ya kwenye barua yake ya maombi.

"Wewe si Yotham wa Ihumwa?"

"Shikamoo, mama. Ndiye mimi. Naona usaili bado unaendelea."

Uongozi wa wakati huo ulitaka arudishiwe nguo zake, apewe nauli, aende kimyakimya. Kampuni ilikuwa changa. Mjini wakisikia tumemlaza mtu asiye mgonjwa, nani angemleta ndugu yake? Tena nafasi zilikuwa zimeshajazwa, imebaki sahihi moja tu kwenye orodha ya waliochaguliwa, ya Mama Dorothea. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huohuo, naye ni mjane mwenye watoto watatu shuleni. Akaambiwa asaini.

"Sisaini," alisema. "Aliitwa, akaja. Sisi ndio hatukumwona. Asiposailiwa leo, basi na mimi msiniandikie mkataba."

Jopo likakaa upya saa kumi. Yotham aliingia na nguo za wodini, maana suruali yake ilikuwa kambani inakauka. Akaulizwa ameona nini. Akaeleza kwamba wamempokea vizuri na uji ulikuwa mtamu.

"Ila tangu asubuhi hakuna aliyeniambia nitatoka lini," akasema. "Na mzee wa kitanda cha pili anauliza hivyohivyo. Yeye ana wiki tatu."



Akapata kazi! Na kuanzia wiki iliyofuata, kila mgonjwa aliyelazwa alitajiwa siku hiyohiyo tarehe ya kuzungumza na daktari kuhusu kutoka kwake. Waombaji kazi nao, hadi leo, hupokelewa kwanza kama wagonjwa, wakielezwa sababu, ndipo wakutane na jopo. Mwandishi wa wasifu huu alivuliwa mkanda mwaka jana. Mama Dorothea alikaa naye benchi moja hadi zamu yake ilipofika. Yotham sasa ni msimamizi wa wodi ya wanaume.

Mama Dorothea alipewa mkataba mpya na, pamoja nao, barua ya onyo kwa kukaidi maelekezo. Imo jaladani, ukurasa wa tisa. Wakati wa kuandaa wasifu huu aliulizwa, kwa woga mwingi, kama barua hiyo isitajwe. Alivaa miwani, akaisoma taratibu, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Iandike, mwanangu," alisema. "Hiyo ndiyo siku niliyofanya kazi."

Uongozi wa sasa umeridhia. Barua itasomwa mbele ya wote siku ya sherehe, na Yotham ameomba aisome yeye.

Mama Dorothea, sisi themanini na wawili uliotusaili tunakushukuru kwa moyo wote. Nenda Chamwino kwenye zabibu zako, ule matunda yake kwa afya na furaha, miaka mingi, mama yetu.