Aliyetangulia Kushuka Duarani

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana, nawasalimu. Mwenyekiti ameniambia niseme kwa kifupi na nisitaje jina la mtu. Sawa. La kwangu mnalijua, na wengine humu mmeshalitukana.

Wakati dhahabu imetuchanganya akili kule Kerende, mimi nilikuwa msimamizi wa duara, shimo la kuchimbia. Mawe siyajui, ila nina kidato cha nne na mwandiko mzuri. Nikaleta daftari la zamu. Nikaleta filimbi. Nikipuliza, watu wanashuka. Nikipuliza tena, wanapanda. Ndugu zangu, nawaambia, lile duara lilikwenda kama shule ya bweni, na mwenye duara akanisifu mbele za watu. Nikavimba kichwa.

Sasa, kulikuwa na mzee mmoja, mchimbaji wa kawaida, hana cheo. Kila asubuhi alitangulia kushuka peke yake, anagonga matimba, yale magogo yanayozuia udongo, moja moja kwa nyundo, anasikiliza. Mpaka aite kutoka chini ndipo wengine washuke. Hakuna aliyemtuma. Mimi nikaona anatuchelewesha.

"Mzee, hapa kazi inaanza kwa filimbi," nikamwambia.

"Mura, kijana wangu, hayo magogo hayajui filimbi yako."

Nikamhamishia kwenye karasha, akasage mawe. Msicheke, bado.

Haikupita wiki mbili. Mchana, watu watatu wako chini, mmoja wao shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, niliyemtoa mwenyewe kwao Itiryo kwa ahadi nyingi. Kamba ikatikiswa: wanataka kupanda. Nikatazama saa, zamu haijaisha. Nikapiga kelele, "Malizieni!" Wakatii, wakaendelea kuchimba. Udongo ukawashukia.

Nilipuliza filimbi mpaka midomo ikauma. Nikaamuru huyu alete koleo, yule alete kamba. Hakuna aliyegeuka! Ndipo yule mzee akaja mbio kutoka kwenye karasha, akavua shati, akajifunga kamba kiunoni, akashuka. Na wanaume wale wale niliowafokea wakamfuata, mmoja mmoja. Wawili walitoka hai. Shemeji yangu tulimtoa jioni, amekufa.

Baada ya mazishi mke wangu akachukua watoto, akabaki kwao. Mimi nikahamia kwenye gongo hapa Nyamisangura, nikawa mtu wa kuombaomba glasi. Mnanikumbuka, mlikuwa mnavuka barabara mkiniona. Niliwachukia kwa hilo, siwafichi.

Mzee ndiye aliyenitafuta. Nikamuuliza kama amekuja kunisamehe.

"Msamaha wako uko kwa wakwe zako," akasema. "Tunafungua duara jipya, na watu wanagombania zamu kila siku. Wewe unajua kuzipanga, utazipanga. Lakini asubuhi utatangulia wewe kushuka."

Siku ya kwanza nilijikojolea. Ndiyo, mtu mzima. Niko chini peke yangu, udongo unadondoka shingoni, ndipo nikajua nilikuwa nawapeleka watu wapi. Pombe niliiacha tangu siku ile, maana huwezi kusikiliza gogo ukiwa umelewa.

Namshukuru mzee huyo, amekaa pale nyuma na hataki kusimama. Nawashukuru wachache mlionirudishia salamu kabla sijastahili. Leo mnachagua viongozi wa kikundi chetu cha wachimbaji, basi sikieni. Kupanga kazi ni jambo jema, na lazima lifanywe vizuri. Lakini kiongozi ni yule ambaye watu wanamfuata hata kama hajawaamuru. Mimi nilikuwa na cheo, yeye alikuwa na watu. Tofauti hiyo nimejifunza kwa uhai wa mtu mwingine, na inaniuma hadi leo.

Mke wangu alirudi mwezi uliopita. Habari za pombe hakuniuliza. Aliuliza kitu kimoja tu: asubuhi ile, mdogo wake alipokuwa anashuka, aliniambia nini.

Nikamjibu ukweli. Alisema kitu, lakini mimi nilikuwa naandika daftari la zamu.