Maziwa ya Kutuma Bolivia

Benchi la kijiweni hapo Masisi lilivunjika miguu, wanaume wa hapo wakaazima bidoni mbili za Munyakazi, wakalaza ubao juu yake. Bidoni zilijaa maziwa. Munyakazi, motari wa kubeba watu na mizigo kwa pikipiki, alikuwa akiyapeleka kwa Mama Kahambu, mtengeneza jibini, aliyekwisha kumwonya: yakifika yameganda tena, kazi anapewa mwingine. Lakini jua lilikuwa bado la asubuhi, kahawa ya Claudette, muuzaji wa hapo, ilinukia, na bwana huyu hakuumbiwa kupita penye mabishano. Akakaa.

— Redio imesema Kongo na Bolivia bataanza kufanya biashara pamoja, alisema Katembo mwenye duka, ambaye hapo wanamwita Ambasaderi. Bale beko na chumvi mingi, siye tuko na maziwa. Banaleta yabo, tunatuma yetu.

— Itapita wapi? aliuliza Munyakazi. Ku njia ya Sake tu, pikipiki inazama mu matope!

— Kwa ndege, kaka, akajibu Ambasaderi.

— Ndege iko bei, alikata Théoneste, fundi wa redio, jina lake la kijiweni Satelite. Tutapitisha tiyo, bomba refu, chini ya bahari. Unafungua robine hapa Masisi, mutoto wa Bolivia anakinga kikombe.

— Na tiyo ikitoboka? aliuliza Ambasaderi.

— Samaki zitanenepa! Na zile tutauzisha.

Munyakazi alicheka hadi machozi. Jua likapanda, likazipiga bidoni ubavuni. Mara mbili alitaka kuinuka, na mara mbili Ambasaderi akamvuta shati, ubao usije ukapinduka na wakubwa wakiwa juu.

— Miye naona tutume ng'ombe kule asome, akasema Munyakazi, naye sasa amepamba moto. Akirudia na diplome, tutamukamula asubui, midi na magaribi!

— Njo koperasyo ile ya mataifa! Ambasaderi akapiga goti.

Ndipo akashuka mama mmoja kwenye pikipiki kutoka Kirotshe, matope hadi magotini. Claudette akampa kahawa.

— Dada, hakuna maziwa kidogo ya kutia?

Claudette aliwatazama wanaume. Munyakazi akainuka, wote wakainuka naye. Akaondoa ubao, akafungua bidoni moja, akaiinamisha juu ya kikombe. Yakadondoka madonge meupe, yakaelea juu ya kahawa.

Akageuka kutazama njia ya kwa Mama Kahambu.

— Na ile bidoni ingine, papa? aliuliza yule mama.

Munyakazi aliweka mkono juu ya kifuniko cha pili. Ambasaderi akakohoa. Satelite akachungulia kikombe chake kitupu. Hakuna aliyemwambia afungue.