Foleni ya Torsten

Kwenye tramu zetu za Gothenburg, mtu haongei na asiyemjua mpaka tugonge kitu. Lakini mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa ameshamsimulia mzee wa pembeni yake kila kitu: jinsi kila mwaka kabla ya Kwaresima alivyojaza krimu maandazi katika duka la mwajiri wake, Torsten, mpaka usiku, bila malipo ya ziada, hadi akaacha kazi.

"Waachie chama cha wafanyakazi wakudaie, mama," mzee akamshauri.

"Wanisemee, kwani mimi bubu? Foleni ilifika kona kwa ajili ya mikono hii!"

"Basi msamehe."

"Ameniomba msamaha?"

"Sasa utafanyaje?"

"Leo ndiyo siku ya maandazi, duka limefurika. Nachukua namba ya foleni kama mteja yeyote. Zamu yangu ikifika namdai kwa sauti, wote wasikie."

"Atakufukuza!"

"Anifukuze na namba mkononi? Mbele ya foleni?"

Hapa kwetu, mwenye namba haguswi.

Tramu ikasimama. Mwanamke akashuka kifua mbele. Mzee akamfuata, bado anabisha habari za chama, na kupitia dirishani nikamwona mlangoni pa duka akichukua namba yake pia.