Romani Nandonde na Meno Mawili Yaliyoahirishwa

Tunayemsindikiza leo hapa Pugu ni baba yetu, Romani Fransis Nandonde. Alizaliwa Kitangari, Newala, tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa mzee Fransis. Alisoma hapohapo Kitangari, akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Shuleni alichapwa kwa kuchonga dawati, na alipenda kusema kazi yake ilianzia hapo.

Mwaka 1983 alikuja Dar es Salaam kuchonga mpingo, na wengi mlimfahamia Mtoni, kando ya Barabara ya Kilwa. Mteja akiomba apunguziwe bei, baba alimjibu, "Sawa, ila na pua nitapunguza." Yupo aliyeondoka na kinyago kisicho na pua, tena anacheka.

Tarehe 8 Oktoba 1988 alifunga ndoa na mama yetu, Adelina. Nyumbani hakuwahi kupandisha sauti. Kazi hiyo aliniachia mie, Herieth, binti yake mkubwa.

Machi 2025 chakula kilianza kumkwama kooni. Vipimo vikaonyesha saratani ya umio, upasuaji ukapangwa Juni. Daktari akatuambia aanze kwa daktari wa meno: meno mawili yaliyooza yang'olewe, kinywa kisafishwe, na baada ya upasuaji usafi uendelee. Alieleza vizuri kabisa kwamba uchafu wa kinywa ukishuka mapafuni mgonjwa akiwa hoi unaleta nimonia, na kuitibu nimonia ni ghali kuliko kuizuia.

Tukalipeleka jambo hilo kwenye kamati ya michango ya ukoo. Jamani! Mwenyekiti, baba mdogo Stanley, aliguna: "Mtu ana saratani, nyie mnaniletea habari za mswaki?" Kikao kizima kikacheka. Meno yakaahirishwa, eti tusitapanye michango ya watu. Nilibisha mpaka nikaambiwa mtoto wa kike ninyamaze.

Upasuaji ulifanyika tarehe 17 Juni, ukafanikiwa. Baba alituonyesha dole gumba. Kisha homa ikapanda, nimonia ikamshika, akahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa gharama za huko kamati ilichangisha upya, na safari hii hakuna aliyeguna. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Julai 2025.

Inaniuma, sitawaficha. Kushughulikia yale meno kungegharimu kidogo kuliko kukodi maturubai haya tuliyokaa chini yake. Watu wananifariji kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwa mjumbe wa kikao kile.

Marehemu ameacha mjane, Adelina, watoto, Herieth, Sebastian na Fransis, wajukuu wanne, na mdogo wake, Stanley. Jana nilimpa baba mdogo karatasi hii aipitie, maana kamati ya mazishi nayo anaiongoza yeye. Nilijua ataikatakata. Aliisoma, akalia, akanirudishia.

"Soma yote, mwanangu," alisema. "Wasije wakacheka tena."

Baba, pumzika kwa amani. Sie bado hatujaipata.