Kumi na Wawili Wanatosha

Waliokuwepo wodini alipofariki, asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, ni mke wa marehemu, mwanawe wa pekee, mkwewe ambaye ndiye anayewasomea historia hii, mjukuu wa miezi minane, muuguzi wa zamu, na mtafiti mstaafu aliyefanya naye kazi miaka mingi.

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Baba Sungura, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa nne wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, na tarehe 2 Mei 1979 akaajiriwa kutunza wanyama katika maabara ya utafiti wa dawa, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2018, akiosha mikono kwa maji ya vuguvugu kabla ya kumshika sungura yeyote, ili asimshtue kwa baridi.

Tarehe 11 Agosti 1984 alimwoa mpishi wa shule, ambaye hadi mwisho alimtania kwamba sungura walipata ile mikono laini na yeye akaambulia harufu, na mwaka 1990 wakajaliwa mtoto wa kiume.

Kosa lake aliagiza mwenyewe lisomwe. Tarehe 17 Machi 1987, sungura kumi na wawili walitakiwa kukaa bila chakula kwa ajili ya kipimo cha dawa ya kisukari, naye kwa huruma akawapenyezea majani ya kabichi, vipimo vikaharibika, wakaletwa wengine kumi na wawili, wakachomwa sindano zilezile, nao wakafa kama wale wa kwanza. Alikwenda mwenyewe kukiri, akasimamishwa kazi mwezi mmoja, na aliporudi hakumlisha tena mnyama nje ya ratiba, bali siku za kipimo aliketi kando ya vizimba vyao hadi kiishe.

Kisukari kilimpata yeye mwaka 2009, na kila asubuhi alimeza dawa akiwa amesimama wima, wala hakusema kwa nini.

Tarehe 3 Juni 2024 alikuwa akatwe mguu, akakatazwa kula, mkwewe akaona midomo yake ilivyokauka, akaficha chupa ya uji katika mfuko wa nepi, na alipoifungua marehemu alitabasamu, akamwambia mkwewe: mama, ifunge hiyo, kumi na wawili wanatosha. Daktari alieleza baadaye kwamba uji ule ungeweza kumwingia mapafuni akiwa usingizini. Operesheni ilikwenda salama, akapata siku sita za kumpakata mjukuu wake, kisha moyo ukashindwa.

Tunamshukuru daktari, ambaye kila alipotueleza jambo alivuta kiti akaketi kwanza, wauguzi, jirani aliyefua nepi zetu bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wote.

Lala kwa amani, baba, mikono yako imepumzika.

Jumatatu, maabarani, sungura walilishwa saa moja asubuhi kama kawaida, isipokuwa wanane waliokuwa na kipimo.